Sadaka ya Beni: tupeleke marobota, fedha au wahubiri?

*"Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mtunza hazina wa idara ya misheni katika kanisa letu hapa Mwanza. Tangu mwaka jana tunapokea ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mchungaji wa Kongo. Anasema yuko Beni na washirika wake wamekimbia vijiji kwa sababu waasi wanachinja watu. Ametutumia picha, nyingine za kutisha. Kanisa limeguswa sana: tumekusanya shilingi milioni 11, marobota sita ya nguo na katoni nne za Biblia. Sasa tumekwama. Baadhi ya wazee wanataka tukodi fuso, tupeleke vitu wenyewe pamoja na timu ya uinjilisti ikawatie moyo. Wengine wanasema fedha itumwe moja kwa moja kwenye namba ya yule mchungaji. Mzee mmoja anasisitiza msaada uende kwa waamini tu, kwa sababu ya Wagalatia 6:10. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya kanisa kusoma mahesabu. Nifanye nini?"*

Amina, dada. Ni sentensi yako ya mwisho iliyonifanya nikujibu kwa urefu. Moyo wa kutoa mnao. Swali linalowasumbua ni sadaka ipite mikononi mwa nani, na wewe utasema nini siku mshirika atakaposimama na kuuliza ilifika wapi. Usione haya kuwa na hofu hiyo. Paulo alikuwa nayo alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Aliwaambia Wakorintho wachague watu wao wenyewe wa kusindikiza mchango (1 Wakorintho 16:3), na katika barua ya pili, sura ya 8, anaeleza kwamba Tito hatakwenda peke yake, ili mtu asipate la kulaumu. Huyo ni mtume, na bado hakutaka kuaminiwa kwa maneno matupu. Kwa hiyo mzee akikuambia kwamba kuuliza maswali ni kukosa imani, mfungulie hapo.

Kwanza tuweke ramani sawa, maana nasikia watu wengi wakizungumza kana kwamba Kongo ina vita moja. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na benki za Goma zikafungwa. Beni, mkoani Kivu Kaskazini, iko kaskazini zaidi, na shida yake kubwa ni nyingine: kundi la ADF, lililoanzia Uganda, likahamia misitu ya Kongo miaka ya tisini, na baadaye likajiunga na mtandao wa Dola ya Kiislamu. Hawa ndio walioshambulia kanisa la Kipentekoste la Kasindi Januari 2023, watu wakiwa kwenye ibada ya ubatizo. Hawa ndio waliovamia mkesha katika kanisa Katoliki la Komanda, mkoa wa Ituri, Julai 2025, wakaua watu zaidi ya 40. Kwa hiyo mzee atakayeshauri mtume fedha kupitia benki ya Goma "kwa sababu Beni ni hapo hapo", mwelezeni kwa upole kwamba hapo katikati kuna mstari wa vita.

Na jambo la pili ambalo picha za WhatsApp hazisemi: si Wakristo peke yao wanaokufa. Kweli makanisa yameshambuliwa, na kweli wauaji wenyewe hutamba kwamba wanawaua Wakristo. Lakini Mei 2021 imamu mashuhuri wa mjini Beni, aliyekuwa akiukemea msimamo mkali hadharani, alipigwa risasi akiwa msikitini. Mkulima anayekutwa shambani mara nyingi haulizwi dini. Tutarudi hapa tukifika kwa mzee wa Wagalatia.

Sasa fuso. Kutoka Mwanza mtazunguka ziwa hadi Bukoba, mvuke Mutukula, mpite Masaka, Mbarara na Kasese hadi mpaka wa Mpondwe, muingie Kasindi upande wa Kongo. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kama kilomita 80, na ni barabara ambayo magari yameshambuliwa na kuchomwa moto, hata mara nyingi yakaenda kwa msafara wenye ulinzi wa jeshi. Njiani kuna mipaka miwili, mawakala wa forodha wa pande zote, cheti cha kufukiza nguo, na siku za kulala njiani. Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakujaondoa hayo. Niliwahi kushiriki, nikiwa kijana mwenye shauku kuliko akili, kupeleka shehena ya unga kwa ndugu wa nchi jirani. Ilikaa mpakani wiki tano. Tulipoufikisha ulikuwa umeota ukungu, na waliotupokea walituombea na kutushukuru bila kusema neno, nadhani kwa sababu ya adabu. Hesabuni mafuta, dereva, ushuru, wakala na chakula cha timu, kisha jiulizeni imebaki shilingi ngapi ya kumlisha mtu.

Lakini hata kama usafiri ungekuwa bure, bado ningewazuia, na sababu yake ni namna njaa ya Beni ilivyo. Eneo lile si jangwa. Ardhi ina rutuba. Watu wanalima kakao, kahawa, mihogo, ndizi. Butembo, iliyo karibu, ni mji wa wafanyabiashara hodari wanaoagiza bidhaa hadi Dubai na China. Sokoni maharage yapo. Kinachokosekana ni pesa mfukoni mwa aliyekimbia, kwa kuwa shamba lake liko msituni na akienda kuvuna anaweza asirudi. Ana mali asiyoweza kuifikia. Mtu wa namna hiyo ukimpa fedha, atanunua chakula jioni hiyo hiyo, na atakinunua kwa mama anayeuza pale, ambaye pengine naye amewahifadhi wakimbizi wanane nyumbani kwake. Ukimwaga magunia ya bure mbele ya meza ya mama huyo, umemfanya naye kuwa mhitaji mwingine.

Neno hilo "nyumbani kwake" lishikeni. Sisi tukisikia wakimbizi tunaona mahema meupe. Mashariki ya Kongo wengi wa waliohama hawako kambini. Wako vyumbani na sebuleni mwa ndugu, marafiki na washirika wenzao. Chumba cha watu watano kinalaza 14. Anayejua nani kamhifadhi nani ni shemasi wa mtaa, wala si shirika lenye gari lenye bendera. Hapo ndipo kanisa dogo la Mwanza linaweza kufanya jambo ambalo mashirika makubwa hulikosa, kwa sababu mnaweza kuifikia familia inayohifadhi, ambayo haimo katika orodha yoyote ya wakimbizi na ambayo akiba yake imekwisha.

Basi, fedha. Lakini si kwenye namba ya mtu mmoja.

Simjui mchungaji wenu na sitamhukumu. Inawezekana ni tapeli. Inawezekana ni mtumishi wa kweli anayetuma picha za maiti kwa sababu amejifunza kwamba bila damu hakuna anayejibu. Inawezekana pia ni mtumishi wa kweli ambaye, fedha ikimfikia peke yake huku watoto wake wenyewe hawajala, atashindwa, kama mimi na wewe tungeweza kushindwa. Utaratibu mzuri unamlinda yeye pia.

Muulizeni hivi: "Mchungaji, wewe ni wa kominote ya ngapi?" Wakongo wa kanisa la Kiprotestanti wanalijua swali hilo. Tangu mwaka 1970 madhehebu ya Kiprotestanti nchini humo yako chini ya mwavuli mmoja, Kanisa la Kristo Kongo, kwa kifupi ECC, na kila dhehebu ni kominote yenye namba. Wabaptisti wa CBCA wenye makao Goma ni wa 3. Wapentekoste wa CEPAC wenye makao Bukavu ni wa 8. CECA, yenye mizizi mirefu Ituri na kaskazini mwa Kivu, ni ya 20. Mchungaji wa kweli atakutajia namba yake, parokia yake na mkubwa wake bila kufikiri. Halafu msimpigie huyo mkubwa kwa namba mliyopewa na mchungaji. Itafuteni kwa njia nyingine: makao makuu ya dhehebu lenu, au Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ambayo pamoja na ECC ni wanachama wa baraza la makanisa ya Afrika nzima lenye ofisi Nairobi. Kama ni Mkatoliki, kuna Jimbo la Butembo-Beni na Caritas, shirika lake la misaada. Kama ni wa kanisa la uamsho lisilo chini ya mwavuli wowote, si dhambi, ila hapo mtahitaji kanisa jirani lenye jina litakaloshuhudia kwa barua. Picha nazo zikaguliwe: kijana yeyote wa kwaya anaweza kuitafuta picha kwenye Google akaona kama ilishawahi kutumika kwa vita vingine miaka mitano iliyopita.

Mkisharidhika, ombeni waunde kamati ndogo ya watu watatu: mchungaji, shemasi, na mama kutoka idara ya wanawake. Nasisitiza huyo mama. Yeye ndiye atakayesema kwamba nyumba fulani haina mtoto hata mmoja anayekwenda shule, au kwamba baba wa nyumba nyingine akipewa fedha itaishia kwenye pombe. Tumeni kwanza kidogo, tuseme dola 300, kutoka akaunti ya kanisa na wala si simu ya mtu. Subirini taarifa. Ikija nyoofu, hata kama imeandikwa kwa mkono kwenye daftari la shule, endeleeni. Ikija na maneno matamu bila majina ya bidhaa wala bei, ulizeni tena kabla ya kutuma senti nyingine.

Benki itawauliza maswali, na ina haki. ADF na M23 wote wamo katika orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa, hivyo fedha yoyote inayoelekea Kivu huangaliwa mara mbili. Mwelezeni meneja ukweli wote kwa barua yenye muhuri: nani anapokea, kwa kazi gani. Msikate kiasi vipande vipande ili kukwepa maswali. Huko ndiko watu wema wanakojitia matatani. Ndani ya Kongo pesa ya simu inafanya kazi, M-Pesa, Airtel na Orange, na ni salama kuliko shemasi kutembea na bahasha. Ikibidi kutumia noti za dola, ziwe safi kabisa. Kule noti yenye mchaniko mdogo kwenye ukingo hukataliwa dukani, na mjane atabaki ameshika karatasi.

Milioni 11 ni kama dola 4,000 na ushee, kwa bei ya siku. Mtashawishika kugawa kwa watu 400, kila mmoja dola 10, ili orodha ipendeze kanisani. Ningekuwa ninyi ningechukua familia 40, zikiwemo zile zinazohifadhi, na kuzipa dola 30 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Hiyo ni 3,600. Dola 400 zinazobaki ziwe mfuko wa dharura wa kuwafikisha watu hospitali. Wengine watasema ni wachache mno. Ndiyo, ni wachache. Lakini familia inayojua kwamba mwezi ujao kuna kitu inaweza kukodi kipande cha ardhi karibu na mji, au kununua mtaji wa kuuza mafuta ya mawese kwa kibaba. Dola 10 ya mara moja inaliwa, halafu mambo yanarudi palepale. Mgawanyo huo si sheria, lakini. Kamati ya kule ikisema ada za shule zinauma kuliko chakula, isikilizeni. Matendo 11 inasema kanisa la Antiokia lilipeleka mchango wake kwa wazee wa Uyahudi. Haisemi liliwapelekea na ratiba ya chakula.

Kuhusu ushahidi: orodha yenye majina na alama za dole gumba ibaki kule. Ninyi mpewe nakala yenye namba badala ya majina, pamoja na stakabadhi za manunuzi pale yanapofanyika. Orodha ya Wakristo na vijiji walikotoka, ikizunguka kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 240, mwisho wake huujui. Na waombeni wasipige picha za nyuso, hasa za watoto na wanawake. Zile picha za kutisha zilizokwishafika, acheni kuzisambaza. Kama wewe mwenyewe unaziona usiku ukifumba macho, mtafute mtu wa kuzungumza naye ana kwa ana, mchungaji wako au muuguzi unayemwamini. Hilo nalo ni jeraha.

Sasa mzee wa Wagalatia. Asome aya nzima. Paulo anasema tuwatendee mema watu wote, na *hasa* wale wa jamaa ya imani. Hasa si "tu". Neno "tu" halimo. Mnaruhusiwa kuanza na ndugu zenu. Familia yoyote huanza hivyo. Lakini mkiweka sharti kwamba anayekula lazima awe mshirika, yatatokea mawili ambayo nimeyaona kwa macho. Majirani wenye njaa ileile wataanza kuwachukia Wakristo wa mtaa ule, na chuki hiyo itabaki ninyi mkishasahau. Na wengine "wataokoka" Jumamosi ili wapokee Jumatatu, halafu mchungaji abaki na kanisa lililojaa watu asiojua wanaamini nini. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu za mwaka 1994, ambazo mashirika mengi ya makanisa yamezitia saini, zinakataza kuutumia msaada kuendeleza msimamo wa kidini. Wengine huzisoma kama adui wa injili. Mimi nimeona zikiilinda, kwa kuwa anayekuja kanisani baada ya kupewa bila sharti, amekuja mwenyewe. Ile familia ya yule imamu nayo iliishi katika mji uleule.

Je, wahubiri wasiende? Kivu Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Wageni kumi na fuso yao watasimamishwa kila kizuizi, na mwenyeji atatumia wiki nzima kuwalinda badala ya kuwahudumia watu wake. Kumbukeni pia Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200 katika maeneo hayo hayo: wageni walikuja kwa magari na fedha nyingi huku watu wakijiuliza kwa nini hawakuja walipokuwa wakichinjwa, na baadhi ya wahudumu wa afya waliuawa. Mgeni mwenye nia njema haonekani hivyo kwa kila mtu.

Na bado siwezi kusema Mwafrika Mashariki hana kazi ya injili kule. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka Ruwenzori mwaka 1896 hadi Boga, Ituri. Mapema tu alisingiziwa mauaji baada ya dada wa chifu kuangukia mkuki, akapigwa na kufungwa minyororo. Aliachiwa, akarudi, akajifunza lugha za watu wa msituni, akafa huko huko 1933, na kaburi lake liko Boga. Tangu alipovuka mara ya kwanza hadi kufa kwake ilipita karibu miaka arobaini. Timu yenu inafikiria siku tisa.

Kwa hiyo ningeshauri safari ya aina nyingine. Watu watatu, wamealikwa kwa barua, wafike Kasese upande wa Uganda, wawalipie wachungaji na mama wachache kutoka ng'ambo nyumba ya wageni kwa siku tatu. Walale. Wale. Waimbe. Wachungaji wale wamezika mno, na hakuna anayewauliza wao wanaendeleaje. Msiwalazimishe kusimulia, wakisimulia, sikilizeni bila kukimbilia kuwapa aya. Kama kanisa linataka kwa nguvu zote kuhudumia kwa mikono yake, kuna Nyarugusu, Kasulu, kambi iliyopo tangu 1996 yenye Wakongo wengi, hasa wa Kivu Kusini, na lugha ni hii hii yetu. Kuingia kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Anzeni huko, na msifike getini na basi la kwaya.

Jambo moja halingoji kamati wala taarifa. Kamati ya kule ijue kwamba mwanamke au msichana aliyebakwa anahitaji kufika kituo cha afya ndani ya saa 72, ambako dawa ya kuzuia VVU bado inafaa, na hata zikipita aende tu, kwa matibabu mengine. Siyo maombi kwanza halafu hospitali. Zile dola 400 ni za bodaboda ya saa nane usiku. Mama wa kamati awe na mamlaka ya kuzitoa bila kumwomba mtu saini na bila kuandika jina popote.

Biblia zenu ulizeni kwanza. Wengi wa Beni na Butembo ni Wanande, nyumbani wanasema Kinande, na Kiswahili chao cha ibada kina tafsiri yake inayotofautiana kidogo na yetu. Yetu wataisoma bila shida, na aliyekimbia usiku hakubeba Biblia. Katoni nne zinaweza kukaa kwenye buti ya gari hadi Kasese.

Marobota yauzeni Mwanza. Najua Butembo iko juu ya mita 1,700 na usiku kuna baridi, lakini sweta zimejaa Butembo pia, na mitumba ya Mwanza ina bei nzuri Mwanza. Ila kabla ya kuyapeleka sokoni, tangazeni ibadani na mueleze sababu. Lazima humo ndani kuna koti la mume wa mtu aliyekwisha kutangulia, na mjane wake alilitoa akiwaza kwamba litavaliwa na mchungaji fulani kule milimani. Huyo apewe nafasi ya kulichukua.